Sauna ya Bibi

Pale maabara mjini Jyväskylä, Ufini, kila mtu alijua kwamba Raili Hakkarainen, fundi wa vigunduzi vya mionzi ya gama, hakutaniwa juu ya mambo mawili: sauna yake ya Jumamosi, yaani bafu la mvuke, na Bibi. Bibi hakuwa mtu. Kilikuwa kigunduzi kikuukuu, donge la fuwele ya germaniamu linaloishi kwenye baridi kali ya nitrojeni ya kimiminika.

Majira yale ya theluji Bibi aliugua. Nyutroni zilimtwanga jaribio baada ya jaribio, fuwele yake ikajaa kasoro zinazonasa umeme njiani. Mistari yake kwenye skrini, iliyokuwa myembamba kama sindano, ikaota mkia upande wa kushoto.

"Huyu sasa ni wa kabati la vioo ukumbini," alisema Sakari, mkuu wa maabara. "Wageni wamtazame."

"Thubutu!" Raili akaruka. "Akipashwa joto, fuwele inajirudi. Mfini gani anazikwa kabla hajapelekwa sauna?"

"Haya, mpeleke. Jumatatu nikiona mkia, kabatini!"

Raili akamtoa Bibi kwenye baridi, akamfungia pampu na hita, akabandika mlangoni: BIBI ANAOGA, USICHUNGULIE. Jumamosi akashuka sauna ya wafanyakazi, akawasha jiko, akamwagia mawe maji, akaimba kwa raha zake. Hakukumbuka kwamba jiko na hita vinakula umeme wa fyuzi moja. Fyuzi ikakatika, hita ya Bibi ikazimika, lakini mawe yalikuwa yameshapata moto, naye akaendelea kuimba.

Jumatatu Bibi alipopoozwa, mkia ulikuwa mrefu kuliko mwanzo. Joto la nusunusu humzidishia ugonjwa. Sakari akaanza kupangusa vumbi la kabati.

Raili alipoiona fyuzi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni mimi, Sakari. Nimemuua kwa uroho wangu wa sauna. Nipe wiki moja tu, nakusihi."

Akapewa. Akabadilisha fyuzi, akamrudisha Bibi kwenye hita. Akaitia sauna kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni. Wenzake walimlaani waziwazi. Yeye, kwa kuiogopa fyuzi, alilala palepale kando ya Bibi wiki nzima na hakufungua hata bomba la maji ya moto.

Jumatatu ya pili mstari ulitokea: mwembamba, hauna mkia. Raili akabubujikwa na machozi, akamkumbatia Sakari kwa nguvu.

Sakari akajinasua, ameziba pua. "Bibi amepona, mama. Sasa toa huo ufunguo, uende wewe."