Jina la Nne

Ieuan ap Hywel alitembea kinyumenyume kwa miaka arobaini na hakuna aliyemcheka, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hapa Penmynydd, kijiji chetu Wawelshi katika kisiwa cha Môn, plau huvutwa na maksai sita, na maksai hawaendi kwa fimbo peke yake. Lazima awepo mtu mbele yao, uso kawaelekezea, arudi nyuma hatua kwa hatua huku akiwaimbia, na mwingine ashike mikono ya plau kule nyuma. Ieuan alikuwa mwimbaji. Aliyeshika plau, tangu mikono yake ilipopata nguvu, alikuwa mwanawe wa pekee, Dafydd. Kwa hiyo kutwa nzima, msimu baada ya msimu, baba alimtazama mwana juu ya migongo ya ng'ombe. Simjui mzazi mwingine aliyemtazama mtoto wake muda mrefu namna ile.

Waimbaji wengine huwaimbia maksai habari za wanawake, au huwatukana kwa sauti tamu. Ieuan aliwaimbia nasaba. Sisi hatuna jina zaidi ya baba zetu: fulani ap fulani, yaani mwana wa fulani, hadi pumzi ikuishie. Mtaro mmoja wa shamba lake ulikuwa na urefu wa majina tisa. Alianza na Dafydd pale mwanzo, na alipofika kwa Iorwerth, maksai walijua wenyewe kwamba wakati wa kugeuka umewadia. Wakirudi, aliwaimbia nasaba ya ile nyumba kubwa iliyo juu ya kilima, ambayo mababu zake wote waliilimia; ndiko ulikotoka ukoo wa mfalme wa sasa. Niliwahi kumwambia kwamba maksai wake wanaujua ukoo wa mfalme kuliko mabwana wa London.

"Wanaujua," akanijibu. "Na wamepata nini?"

Mimi ni Bleddyn, mpiga kengele wa kanisa. Nilizoea kupitia shambani kwake nikitoka kukata kuni, tukala mkate wa shayiri na siagi, naye akanisimulia habari za nyumba ile kana kwamba sikuzijua. Mababu wa pale waliwaasi Waingereza pamoja na binamu yao Glyndŵr, wakashindwa, wakanyang'anywa ardhi. Kijana mmoja wa ukoo huo, Owain, akaenda kujitafutia riziki kwa Waingereza, akaangukia kwenye utumishi wa malkia mjane. Kwetu husemwa alikuwa akicheza dansi, akajikwaa, akaanguka mapajani mwa malkia, na kwamba hakufanya haraka kuinuka. Wakazaa watoto. Uzeeni alikatwa kichwa sokoni, kwa sababu ya vita ambavyo hata Ieuan hakuweza kuvieleza vikaeleweka.

Sehemu aliyoipenda ni ile ya jina. Yule kijana alikuwa Owain ap Maredudd ap Tudur, na nyuma ya Tudur kulikuwa na wengine wengi. Lakini Waingereza hawana subira na baba za watu. Karani fulani alichoka kwenye jina la tatu, akaweka kalamu chini, na hilo la tatu likawa jina la ukoo mzima.

"Angechoka mapema kidogo," Ieuan alisema kila mara, "leo tungekuwa na akina Maredudd."

Nilicheka kila mara. Kumbe nilikuwa nauchekea msiba wangu mwenyewe.

Mwaka ule mjukuu wa Owain alipotua upande wa kusini na merikebu zake kutoka uhamishoni kulidai taji, washairi walikuwa wameshatuimbia miaka mingi kwamba atakuja mwana aliyetabiriwa, aturudishie heshima yetu. Bwana mmoja wa hapa Môn akakusanya watu ishirini wa kumfuata. Dafydd akawa mmoja wao, umri wake miaka ishirini na sita, bado hajaoa. Nilimuuliza Ieuan kwa nini hakumzuia. Aliniambia kwamba alimwimbia mtoto nasaba ya nyumba ile tangu hajaota meno, sasa amwambie nini, kwamba ulikuwa wimbo wa ng'ombe tu?

Mfalme akapata taji lake. Kati ya wale ishirini walirudi kumi na mmoja, na aliyerudi na habari za Dafydd alisema aliangukia kwenye kinamasi, akazikwa na wengine katika shimo moja, bila msalaba wala jiwe. Kanisani tulipiga kengele kwa furaha siku tatu. Mimi ndiye niliyezipiga, na mabega yalinifa ganzi.

Majira ya kuchipua bwana yule, ambaye sasa alikuwa mtu mkubwa, aliweka nadhiri. Kila mwaka, Siku ya Marehemu Wote, ingesomwa misa kwa ajili ya watu wake tisa waliokufa vitani, wakitajwa mmoja mmoja kwa majina. Akamtuma karani Mwingereza aje kuyaandika. Karani hakujua neno la Kiwelshi, nami ujanani nilisugua masufuria ya askari kule ngome ya Beaumaris, kwa hiyo nikaitwa kutafsiri. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini kilitosha.

Asubuhi hiyo Ieuan alinijia amenyoa ndevu. Alitaka jambo moja tu, na alilieleza taratibu, mtu asije akasema hakuelewa.

"Bleddyn, ndugu yangu, hapa Dafydd ap Ieuan ap Hywel wako wawili. Wangu, na yule msaga nafaka. Wanaachana kwenye jina la nne. Wangu ni wa Deicin, yule ni wa Cynwrig. Usipofika kwa Deicin, sala itakwenda kinuni."

Nikamwambia nimeelewa.

"Mwanangu hana kaburi," akasema. "Jina ndilo kaburi lake."

Nikamwambia tena nimeelewa.

Nataka kusema kwamba siku ile ilikuwa na mvua, kwamba goti langu bovu lilikuwa likiniuma, kwamba tulianza alfajiri bila kula na Ieuan alikuwa wa mwisho. Yote ni kweli na hayanisaidii. Kila mzazi aliyekuja alitaka kufika hadi kwa Nuhu. Karani aliguna, akachonga kalamu, akaguna tena. Ieuan aliposimama mbele ya meza na kofia mkononi, akaitoa nasaba yote kwa sauti ile ile ya shambani, nami nikaanza kuitamka upya ili yule mtu aandike: Dafydd, ap Ieuan, ap Hywel. Hapo karani akainua macho, akaniuliza kama bado ni mengi. Nikamtazama. Nikaona uchovu wake, nikaona na wangu.

"Basi," nikamwambia kwa Kiingereza. "Ni hayo tu."

Akatia mchanga juu ya wino ukauke. Ieuan aliinama kwa adabu, akatoka, na mlangoni alinishika mkono kunishukuru.

Haraka haraka haina baraka. Nilifundishwa hivyo na mama yangu, na nina hakika wewe pia ulifundishwa. Nilikaa miezi minane nikijiambia kwamba Mungu anawajua watu wake, hahitaji kusomewa nasaba na mpiga kengele.

Siku ya Marehemu Wote ikafika. Kanisa lilijaa, mishumaa tisa imewashwa mbele. Padri alifungua ile ngozi ya maandishi yenye muhuri wa bwana, akasoma majina, na kila lilipotajwa jina, watu wa nyumba ile waliinamisha vichwa. Aliposoma Dafydd ap Ieuan ap Hywel akatua kabla ya jina lingine, nilimwona Ieuan ameinua uso, nikadhani anasubiri la nne. Kabla hajaushusha, msaga nafaka alikuwa amesimama nyuma kabisa.

"Padri, samahani," akasema. "Mimi nipo hapa. Nimekunywa uji asubuhi. Nani amekwambia nimekufa?"

Kanisa zima likacheka. Msaga nafaka hakucheka hata kidogo. Ni mtu mwoga wa mambo kama hayo, na mwaka ule mke wake alikuwa mgonjwa. Alisema mnanichuria kifo, mnanisomea misa ya wafu na bado nina watoto sita, na kama jina halifutwi leo hii basi unga wa hostia watautafuta kwingine. Padri alikuwa mgeni, tuliyeletewa mwaka huo huo kutoka bara, hakumjua mtu. Akauliza kama huyu kweli ndiye Dafydd ap Ieuan ap Hywel. Watu wakasema ndiye. Hawakudanganya.

Padri akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina, na mshumaa mmoja ukazimwa.

Baada ya misa nilimfuata, nikamwambia kwamba kulikuwa na Dafydd mwingine, wa Deicin. Akaniuliza kwa nini basi hakuandikwa hivyo, na nani alitafsiri. Kibanda ninachoishi ni cha kanisa. Nikasema pengine karani alikosea. Padri akanieleza, tena kwa upole, kwamba yeye ana ruhusa ya kufuta asiyestahili, ila kuongeza neno chini ya muhuri wa bwana hana. Maandishi ndivyo yalivyo, kuyatoa ni rahisi kuliko kuyatia. Bwana mwenyewe alikuwa London wakati huo, karibu na mfalme, na hakuonekana tena Môn.

Ieuan hakumlaumu mtu. Alikwenda zake nyumbani. Mwezi wa tatu ulipofika alirudi shambani mbele ya maksai, na mikono ya plau ilishikwa na mtu wa kukodi kutoka Llangefni. Nilisimama kwenye ukingo nikamsikiliza. Hakuimba nasaba. Alikuwa akisema haya, haya, haya tu, macho yake kayaelekeza kwenye kwato, wala hayapandi juu ya migongo. Mwisho wa mtaro maksai hawakujua pa kugeukia, akalazimika kuwasukuma kwa mkono.

Nikaenda nikamwambia. Nilisema yote, la karani, la uchovu, na neno nililotamka.

"Najua," akasema Ieuan.

Akageuka, akawatazama maksai wake.

"Kiingereza sikijui. Lakini jina la baba yangu ni hilo hilo kwa lugha zote. Nilisikia Dafydd, nikasikia Ieuan, nikasikia Hywel. Halafu nikasikia kimya."

"Sasa mbona hukusema kitu, mzee? Ulinishika mkono ukanishukuru."

Alikuwa akimkuna maksai mmoja kati ya pembe, na aliendelea kumkuna.

"Kule nako walikata kwenye la tatu," akasema, "mtu akawa mfalme. Nikadhani ndivyo wanavyowafanyia wakubwa. Nikasema moyoni, leo mwanangu kapewa heshima."

Kisha akaniomba nipishe njia, maana jua linakwenda na robo ya shamba haijaguswa. Nilitamani anitukane. Ningeondoka pale nikiwa mwepesi zaidi.

Alilima msimu huo na nusu ya uliofuata. Watu walisema uzee, wengine kifua. Mimi nilimtazama akirudi nyuma hatua kwa hatua, hana anayemtazama, na nilijua ni nini. Alifariki wiki moja kabla ya Krismasi, mchana, ameketi kwenye kiti chake na viatu vya shamba miguuni.

Kwetu mpiga kengele ndiye anayelitaja jina la marehemu kaburini, padri akalipokea na kuliombea. Mvua ilikuwa ikinyesha tena, na padri alikuwa na safari. Watu walisimama wamejikunyata, msaga nafaka akiwa miongoni mwao, kwa kuwa alikuwa jirani mwema siku zote. Padri akaniashiria nianze.

"Dafydd," nikasema.

Padri akanisogelea. "Tunamzika Ieuan, Bleddyn," akanong'ona.

"Najua, baba. Jina linaanzia kwa mtoto."

Akasita, akatazama mawingu, akaniacha. Nikaanza upya. Dafydd ap Ieuan ap Hywel, nikasema, na hapo nikapumua, maana goti lilikuwa likiniuma vilevile kama siku ile. Msaga nafaka aliinua kichwa. Nilimwona akifungua kinywa.

"Ap Deicin," nikasema.

Akakifunga kinywa, akavua kofia kwenye mvua. Nikaendelea polepole, kwa mwendo wa maksai: ap Tegwared, ap Einion, ap Madog, ap Cadwgan, ap Iorwerth. Padri akayapokea yote tisa, moja moja, kuanzia lile la kwanza, akayaombea. Kisha tukamshusha Ieuan.