Krimu ya Ndimu Mikononi mwa Furaha

Kwa nini mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, achote krimu ya keki kwa kidole na kumpaka bibi harusi mikononi, mbele ya wageni wote? Nilianza kujiuliza hivyo nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na hadi leo nikisikia harufu ya ganda la ndimu lililokwanguliwa, swali hilo hurudi kabla sijakumbuka lolote jingine. Ni harufu ya nyumba yetu ya mbao pale Majengo, mjini Goma, wakati nchi ikiitwa Zaïre. Uani palikuwa pa mawe meusi ya volkano, makali kiasi cha kumaliza kandambili upesi, na juu ya mawe hayo Mama aliokea keki za mtaa mzima. Sisi tulisema gato. Tanuri hakuwa nalo. Alitia mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaketisha bati la keki juu ya mchanga, akafunika, kisha akapanga makala juu ya mfuniko, na aliweza kusema kama keki imeiva kwa kunusa tu, huku anaongea na jirani mambo mengine kabisa.

Lakini kilichomfanya ajulikane hadi barabara ya Kibati ni krimu yake. Alijifunza kwa masista, halafu akaibadilisha. Sukari tuliitwanga kinuni hadi ikawa vumbi, tukaichekecha kwa kipande cha pazia kuukuu. Ndimu zilishuka na malori ya mboga kutoka Rutshuru, na kukwangua maganda ilikuwa kazi yangu, kwa kopo lililotobolewa matundu kwa msumari. Ukikwangua kwa pupa unafika kwenye ngozi nyeupe, na hiyo ni chungu. Majarini ilipigwa kwa mwiko katika bakuli lililokalishwa ndani ya beseni la maji ya mvua, kwa sababu ya ubaridi wake. Sukari ikaingia kidogo kidogo, kisha maganda, na mwisho kabisa maji ya ndimu, tone baada ya tone. “Ukikimbiza ndimu, krimu inakatika,” Mama alikuwa akisema. Nilimwuliza inakatika vipi kitu ambacho si kamba. Alinijibu kwa kunipa mwiko nipige.

Msimu ule wa mvua dada yangu Furaha alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Bahati, alitengeneza redio mjini, lakini kwao ni Masisi, watu wa ng'ombe. Baba yake alikwisha kufa, na neno la mwisho lilikuwa la mama yake, Mama Bahati, ambaye tulikuwa hatujamwona. Tulichokuwa nacho ni maneno yake, aliyotuletea shangazi yangu akiwa na furaha ya wanaoleta habari mbaya: “Eti muke wa mujini anajua kukamua bomba tu.” Baba alicheka. Mama hakucheka. Bomba lenyewe mara nyingi lilikuwa kavu, kwa hiyo hata kukamua huko tulikuwa hatukujui sana. Tangu siku hiyo Mama aliiongelea keki ya harusi kama mtu anayeandaa hoja za kesi. Mwanamke yule angekula, na akishakula angemkubali Furaha. Mimi niliona hesabu hiyo ina kasoro, kwani sikuwahi kuona mtu akibadilisha moyo kwa sababu ya sukari, lakini nilikwangua ndimu.

Kisha majarini ikapotea madukani. Mvua ilikuwa imekata barabara, na kila mwenye duka alifungua mikono kama padri. Mama alizunguka mji akarudi na viatu vyenye matope na kapu tupu. Zikiwa zimebaki siku chache, akaja mjomba wa Bahati, mzee wa kofia na koti refu, akakabidhi kwa mikono miwili chombo kidogo cha mti chenye mfuniko uliosukwa. “Mama Bahati anatuma. Ni ya bibi harusi,” alisema, akakataa kuketi, akarudi kwenye mvua yake. Mama akafunua. Ndani mlijaa siagi ya ng'ombe, ya manjano, imeshindiliwa vizuri. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walimwona mama yangu saa ile.

“Mungu iko,” alisema.

“Mama, inanuka moshi.”

“Hii ni ya ng'ombe, si ya kopo. Kila kitu ya kweli inanuka.”

Ilinuka moshi, na chini ya moshi kulikuwa na harufu ya majani ambayo sikuyajua, kama manukato ya mtu aliyekwisha kuondoka chumbani. Nilianza kuuliza. Alijuaje huyu mama, huko milimani, kwamba tumekosa majarini? Na kama ni ya keki ya watu wengi, mbona chombo ni kidogo hivyo na kimepambwa hivyo? Mama akanitazama. “Wewe, hata Mungu akikuletea ugali utauliza aliusonga nani.” Lakini naye alinusa tena, na akanisogezea ndimu nyingine. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani. Siagi ile haikuvunda, ila Mama aliifukiza kwa ndimu kama aliyeusahau msemo huo. Nilikwangua hadi ncha za vidole zikawaka. Siagi ikatosha keki ya juu, ile ya maharusi na wakwe. Krimu ilikuwa nyeupe na laini, na nilipolamba mwiko nilikuta ndimu mbele, na nyuma ya ndimu lile jani lisilo na jina.

Siku ya harusi, baada ya kanisa, nilipewa kazi ya kufukuza nzi mezani chini ya turubai. Ndiyo maana nilisikia. Mama Bahati alikuwa mrefu, shuka limefungwa begani, na alimvuta Mama pembeni, karibu nami.

“Mama Furaha, ile kitu nilituma, ilifika?”

“Ilifika, mama. Asante sana.”

“Muliitumia?”

“Yote. Hatukubakisha hata kidogo.”

Mgeni akamtazama Furaha aliyekuwa ameketi mbele. “Naona mikono yake imekauka,” alisema.

“Ni kazi, mama,” akajibu Mama, akitabasamu vizuri mno. “Huyu hakamui bomba tu.”

Mama Bahati hakucheka. Nilijua Mama ameharibu, ila sikujua ameharibu nini.

Kwetu bibi harusi humlisha mama mkwe kwa mkono wake. Furaha akapiga magoti, akamtia kipande mdomoni. Mama Bahati akatafuna, kisha taya likasimama. Akaitazama keki, akamtazama Mama, akamtazama Furaha aliyekuwa bado magotini. Kaka yake Mama Bahati, yule mzee wa kofia aliyeleta siagi, alikuwa naye ameacha kutafuna kipande chake. Akamwinamia na kumwuliza jambo kwa lugha ya kwao, chini chini. Akajibiwa kifupi, nisisikie, akaendelea kutafuna. Vidole vya Mama vilikuwa vimeingia begani mwangu.

“Hii ya juu ni nini?”

“Krimu ya ndimu, mama.”

“Ndimu,” alisema yule mwanamke, akameza.

Ndipo alipochota krimu kwa kidole, donge zima, akaushika mkono wa kulia wa dada yangu na kuupaka, kuanzia kifundo hadi kwenye kucha, taratibu, jinsi mtoto anavyopakwa mafuta baada ya kuoga. Kisha mkono wa kushoto. Vipande vya ganda la ndimu viling'aa kwenye ngozi. Akalamba kilichobaki kidoleni, uso ukakunjamana kwa uchachu, akasema, “Sasa huyu mutoto ni wangu.” Mtu mmoja akapiga vigelegele kwa kutojua la kufanya, na wote wakafuata.

Baba, ndani ya abakosti yake, ile suti ya serikali isiyo na tai, alieleza kwamba hiyo ndiyo authenticité, kurudia mila za wazee, tunayohubiriwa redioni. Shangazi alisema ni kasiksi, pombe ya ndizi, mama wa watu amekunywa. Mama aliamini ametukanwa: keki yake imeonekana ya kufutia mikono, si ya kula. Aliendelea kuuza gato, lakini krimu ya ndimu hakuipiga tena kwa miaka. Nami sikuelewa lolote. Kama lilikuwa tusi, mbona Furaha alipendwa kule Masisi kuliko wakwe wengine wote? Na kama ulikuwa upendo, mbona umpake mtu keki?

Mwezi uliopita tulimwoza binti wa Furaha. Nchi imekwisha kubadilisha jina, na keki ilikuja imepangwa ghorofa, nusu yake maboksi yaliyopakwa krimu ya ndoo, nyeupe kuliko ile yetu, yenye ladha ya ndimu kutoka kwenye chupa. Ilisimama wima siku nzima na haikunukia kitu. Mimi, niliyesoma chuo kikuu na kujifunza kutilia shaka hata ninachokiona, niliketi karibu na Mama Bahati, ambaye sasa haoni vizuri, nikamwuliza nilichopaswa kuuliza tangu zamani. Alicheka hadi akakohoa. Kwao, alisema, siagi ile hailiwi. Ni mafuta ya mwili, hufukizwa kwa majani, na mama wa bwana harusi humtumia bibi harusi ili siku ya harusi aje amepakwa mikononi. Asiyepakwa huingia ukoo kama mgeni, na hubaki mgeni. Alipoonja keki aliitambua mara moja, na kaka yake pia. Kaka yake alikuwa amemwuliza kama waondoke. Yeye alimjibu: “Meza.”