Aulizwe Anayelala Naye

Saa mbili na robo asubuhi, Dafrosa Shilinde anamtoa mtu wodini.

Anayetolewa ni kaka wa mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe, Leodgar, mkulima wa tumbaku kutoka Goweko, anasubiri kupasuliwa rovu shingoni. Dafrosa (47), mtaalamu wa dawa za usingizi, amemuuliza kama anakoroma. Leodgar amekana. Kaka yake naye amekana kwa niaba yake. Mkewe, Eustadia, ametazama sakafu.

"Mke hawezi kumwaibisha mumewe mbele ya shemeji," anasema Dafrosa. "Heshima hiyo inaua."

Shemeji akishatoka, Eustadia ananong'ona: "Anakoroma, sista. Halafu ananyamaza kabisa. Nampiga kiwiko ndipo anavuta pumzi."

Mtu anayekatika pumzi usingizini hapewi dawa kama wengine. Kipimo cha kawaida kinaweza kumzamisha. Akipunguziwa kwa kubahatisha, anaweza kuzinduka kisu kikiwa shingoni.

Kipo kifaa cha kupima kina cha usingizi, kinachosoma ubongo kupitia vibandiko vya paji la uso. Vibandiko viliisha miezi kumi na minne iliyopita. Dafrosa ameomba vingine mara tano, na mara ya mwisho alijibiwa kuwa kukoroma si ugonjwa.

"Kimefunikwa shuka. Wakija wageni kinafunuliwa, wanapiga nacho picha. Ni danganya toto," anasema, damu ikimchemka.

Basi Dafrosa hutegemea macho na vidole vyake: mboni za mgonjwa, machozi, jasho, mapigo ya moyo. Yeye na mwenzake mmoja huhudumia wagonjwa 140 kwa mwezi.

Miaka miwili iliyopita Adriano, fundi baiskeli wa Kwihara, alikana kukoroma na Dafrosa akamwamini. Upasuaji ulikwenda salama. Wodini akakoroma, watu wakafurahi kwamba amelala vizuri. Kisha akanyamaza, na hakuna aliyemgusa.

"Taarifa ya kifo chake ikaandikwa ni mapenzi ya Mungu. Nilikataa kuisaini. Mke wake alikuwa pale pale mlangoni, na mimi sikumuuliza."

Tangu hapo amelivalia njuga jambo moja: fomu ya upasuaji iongezwe swali kwa anayelala na mgonjwa. Wakubwa hawajamjibu. Analiandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu, kwenye kila fomu.

Saa sita mchana Leodgar ameshapasuliwa na yuko wodini, amelazwa ubavu, anakoroma. Kaka yake anawaomba wauguzi radhi kwa kelele. Dafrosa anamsogezea Eustadia kiti karibu na kitanda.

"Akinyamaza, mpige kiwiko. Usimwonee haya mtu."

Leodgar ananyamaza. Eustadia anamtazama shemeji yake, kisha anampiga mumewe kiwiko.

Leodgar anavuta pumzi. Dafrosa anachukua fomu ya mgonjwa anayefuata na kufungua kalamu yake nyekundu.