Masweta ya Wenzangu

Leo majirani wanakausha tumbaku, na moshi wake mzito, mtamu kama asali iliyoungua, umenirudisha kwenye ile barabara ya Koboko.

Nilikuwa mdogo, na pumu yangu ilijulikana shule nzima. Wenzangu walipokimbia, kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya rundo la masweta yao mpaka warudi. Siku ya kuchagua timu ya mbio nikasimama nao kwenye mstari.

"Wewe iko na pumu," mwalimu alisema. "Ukianguka, nani atakubeba?"

"Sitaanguka, mwalimu."

Akaniacha nikimbie. Barabara ya mbio ilipita katikati ya vibanda vya kukaushia tumbaku. Mama alikuwa ameniambia, "Pale kwa moshi tembea tu. Pumzi yako weka ya mlima." Basi nikafunga puani kitambaa chake nilichokilowesha bombani, nikatembea polepole. Wasichana wote wakanipita.

"Angalia bibi harusi!" mmoja akapiga kelele. "Bwana iko wapi?"

Nililia kidogo, lakini sikukimbia. Moshi ulipoisha nikavua kitambaa, nikasikiliza kifua. Hakikupiga filimbi. Hapo ndipo nilipokimbia. Kwenye mlima wa mwisho nilimpita yule aliyenicheka, ameshika kiuno, hana hata pumzi ya kunitania.

Nilipofika mwisho, mwalimu aliniangalia, halafu akaangalia rundo la masweta.

"Sasa," akauliza, "kesho nani atalinda hii?"