Vijiti vya Baada ya Adhuhuri

Mwanamkuu alikuwa anapiga deki ukumbi wa zahanati moja ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, pale Daktari Eliasi alipomsimamisha mbele ya wagonjwa wote waliokaa benchi. Akamuuliza kwa sauti ya mnadi samaki wa soko la Feri:

"Mama, ni wewe unayechomoa waya wa friji?"

"Friji ipi, daktari?"

"Ya sampuli. Vijiti vya pua vinakwenda maabara, jibu linarudi 'haifai'. Wiki ya tatu sasa! Na anayeingia chumba kile na ndoo ni wewe peke yako."

Benchi zima likamgeukia; mama mmoja muuza mihogo akaguna, "Eti!" Ndivyo ilivyo: kitu kikiharibika, na mwanamke asiyejua kusoma akawa amepita karibu, watu wenye elimu hawatafuti tena.

Vijiti vyenyewe vilikuwa vya utafiti wa mafua makali na vikohozi. Mgonjwa mwenye homa akikubali, muuguzi Scholastika humwingiza kijiti chenye pamba kwenye tundu moja la pua, akakizungusha, kisha tundu la pili. Kijiti hutiwa kwenye kichupa, kichupa kikawekwa frijini. Jioni huja kijana wa maabara ya Upanga, Utsav, na deli lake la barafu, akavichukua.

Kesho yake daktari alileta karatasi iliyopigwa chapa. "Ni onyo tu," akasema. "Weka dole gumba hapa. Ijumaa ya wiki ijayo majibu yakiwa bado mabaya, tutaagana."

"Siweki."

"Hujui hata kilichoandikwa."

"Ndiyo maana siweki."

Dole gumba lile lilishamponza. Miaka ishirini na miwili alikaanga maandazi tangu alfajiri, na kwa maandazi hayo mumewe Kitwana akanunua marobota ya kwanza ya mitumba, kisha kiwanja Mbagala. Siku moja Kitwana alimletea karatasi, akamwambia ni ya umeme, tia dole hapa mke wangu. Akatia. Mwezi haukuisha, talaka ikaja, na ile karatasi ya umeme ikasema kwamba Mwanamkuu hana dai lolote katika nyumba. Tangu hapo alikuwa na kazi hii ya deki, na chumba cha kupanga alichokilipia kwa kazi hii. Ikiondoka, hana pa kulala.

Lakini usiku ule hakulia. Kuna kitu kilimwasha zaidi ya uchungu. Waya hakuchomoa, hilo alilijua kama anavyolijua jina la mama yake. Basi ni nini kinachoharibu vijiti?

Jioni iliyofuata alimngojea Utsav mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Hebu niambie, hivyo vijiti vyenu vinaoza? Vinanuka?"

Utsav akacheka. "Havinuki, mama. Kipimo kwanza kinaangalia kama kijiti kimebeba ute wa mtu wa kutosha. Kisipouona, hatuendelei, maana tutasema mtu hana virusi kumbe hatukumpima. Tunaandika 'haifai'."

"Kwa hiyo vinakuja vikavu?"

"Aa, tena hivyo vibaya vimelowa kuliko vizuri. Vimelowa lakini hakuna kitu, kama chai ya majani yaliyotumika mara tatu."

Mwanamkuu alisimama na neno hilo. Vimelowa, lakini hakuna kitu.

"Na vinaharibika vyote?"

"Si vyote."

"Friji ikizimwa, inachagua wa kumharibia?"

Utsav hakuwahi kujiuliza hivyo. Akatoa simu, akapekua orodha. "Ngoja… hiki saa saba na dakika ishirini. Hiki saa saba na nusu. Saa nane kasoro kumi. Hivi viwili saa kumi na robo." Akainua macho. "Vya asubuhi karibu vyote vizima, mama. Sikuwa nimeviangalia kwa saa."

"Wewe unaangalia namba. Mimi ninaishi na saa za watu."

Siku tatu zilizofuata Mwanamkuu alipiga deki huku jicho likiwa kwenye mlango wa Scholastika. Alianza kwa kumshuku muuguzi mwenyewe. Labda akishashiba mchana mkono unalegea. Akamtazama. Wapi! Mkono wa Scholastika baada ya ugali ulikuwa uleule wa asubuhi: anazungusha mara tano huku akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha tundu la pili. Akamshuku mwenye jenereta, labda huchelewa kuiwasha umeme ukikatika. Akashuku joto. Yote aliyaacha moja baada ya jingine, na kila alipoacha moja, hamu ya kujua ilizidi.

Siku ya nne, adhana ya adhuhuri ilipolia, mgonjwa mmoja aliinuka benchini. Alikuwa Bushiri, msukuma mkokoteni wa soko kuu, mwenye mafua ya kumtoa machozi. Akamwambia jirani yake, "Nishikie foleni, naswali mara moja." Akaenda uani, kwenye bomba ambalo Mwanamkuu husafishia dekio lake. Akakunja mikono ya shati. Akaosha viganja, akasukutua, kisha akavuta maji puani mpaka kisogo kikatikisika, akapenga. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Mwanamkuu aliliachia dekio likaanguka.

Jambo unalolifanya tangu una miaka saba, kama yeye na udhu wake, hulioni tena. Scholastika ni Mkatoliki wa Songea, daktari ni Mlutheri wa Moshi, Utsav ni Mhindi wa Upanga. Wote watatu walijua Waislamu wananawa kabla ya kuswali. Kwamba pua nayo inaoshwa, tena mara tatu, tena kwa nguvu, hakuna aliyewahi kuwaambia, na hawakuwahi kuuliza.

Alimdaka Bushiri akitoka kuswali. "Kijana, usiende popote. Umetoa sampuli leo?"

"Bado, bi mkubwa. Kwani unanitafutia nini puani, tanzanaiti?"

"Kibarua changu kimo humo."

Scholastika alimsikiliza Mwanamkuu mpaka mwisho. Akajipiga paji la uso. "Mama yangu! Na mimi nafurahi wamekuja na pua safi. Nawasifu kabisa!"

Walikubaliana hivi, na Utsav alipopigiwa simu akaafiki. Bushiri atatoa kijiti sasa hivi, pua ikiwa bado na maji. Kesho atakuja asubuhi kabla hajagusa maji, atoe cha pili. Siku hiyohiyo atavuta maji tena, atoe cha tatu hapohapo. Kwa kuwa mtu mmoja si ushahidi, Scholastika alitafuta wengine watano waliokuwa radhi kutoa kabla na baada ya maji.

"Vijiti vitatu!" Bushiri alilalamika, macho yakimtoka machozi. "Hii pua ikiisha mtanipa nyingine?"

"Nyingine ya nini," Mwanamkuu akamjibu, "hiyo moja tu inatosha kusukumia mkokoteni."

Alhamisi jioni Utsav alikuja bila deli. Alipanda ngazi mbili mbili akimwita, "Mama! Mama!" Vijiti vya kabla ya maji vyote sita vilikuwa vizima. Vya baada ya maji, vitano kati ya saba havikufaa. Pamba ilikuwa imefyonza maji ya bomba badala ya ute. Alivipima mwenyewe, akarudia. Sasa alitaka kujua mambo mengine: pua huchukua muda gani mpaka irudi hali yake? Nusu saa? Saa nzima? Mwanamkuu naye alitaka kujua. Wakakaa wote wawili kwenye ngazi wakabishana juu ya hilo mpaka bajaji iliyomleta ikapiga honi.

Ijumaa asubuhi Daktari Eliasi alimwita ofisini, akafunga mlango. "Sasa tutauliza kila mgonjwa ametawadha saa ngapi, na wanaongoja foleni tutawachukua kabla ya adhana. Umetusaidia sana, mama. Endelea na kazi. Yaliyopita tuyasahau."

Mwanamkuu hakuinuka kitini. Neno hilo la kusahau alishaambiwa na ndugu za Kitwana, na walimwambia hivyohivyo, mlango umefungwa.

"Daktari, uliponisema, ulinisemea wapi?"

Daktari akashika kalamu, akaiweka. "Ukumbini."

"Basi na kunisafisha ni hukohuko."

Daktari akafungua mlango, akatoka, Mwanamkuu akimfuata nyuma. Benchi lilikuwa limejaa. Wengi hawakuwapo siku ile, lakini wengine walikuwapo, na mama muuza mihogo aliyekuwa ameguna "Eti!" siku ile alikuwa amekaa palepale pembeni.

"Jamani," daktari alisema, akitazama ukuta, "huyu mama hakuchomoa waya. Nilikosea. Na sababu yenyewe ameigundua yeye."

"Sauti, daktari!" Bushiri akapaza kutoka nyuma. "Huku hatusikii!"

Daktari Eliasi akakohoa, akamgeukia Mwanamkuu, akairudia yote kwa ile sauti yake ya mnada.