Kasiksi kwa Ajili ya Neno Moja la Kiingereza

Neno lenyewe lilikuwa bark. Enzi za Zaïre, mwaka wangu wa mwisho wa sekondari hapa Bukavu, mwalimu wa Kiingereza alisema lina maana tatu: kubweka kwa mbwa, gome la mti, na mashua. Eti hazina undugu wowote. Mimi nieleze Jumatatu kila moja ilitoka wapi, la sivyo point zangu hazitoshi na nitarudia mwaka. Nirudie, na ndevu hizi!

Kamusi ya Kiingereza mtaani kwetu Kadutu ilikuwa moja tu, ya muzee mmoja aliyestaafu posta. Papa, baba yangu, akasema, "Kwa mutu mukubwa hatuendi mikono mitupu." Akavaa abakosti, suti yake ya heshima isiyo na tai, akanibebesha kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilijua nini mimi?

Sasa kwetu sisi Bashi, kabila letu, hausemi shida yako mbio. Kwanza munakunywa, munaulizana ng'ombe, mvua, watoto. Papa aliuliza vyote, bila haraka. Muzee akaita ndugu zake wawili, nao wakaja wakanywa. Mama wa nyumba akapiga vigelegele. Hapo nikamuona binti yao mlangoni, amejifunga kitenge kipya, ananipima kuanzia viatu. Mama yangu! Kwa kibuyu kile, walifikiri tumekuja kuposa.

Nikamropokea muzee, "Papa muzee, sisi tulikuja kwa kamusi!"

Kibuyu kilikuwa kimeisha.

"Pombe tumeshakunywa," muzee akasema. "Binti aseme kwanza kama anakutaka. Kamusi itafuata."

Binti akafungua kamusi, akaniamuru nisome mbele ya wote. Nikasoma: kubweka ni neno la Waingereza wenyewe tangu zamani, gome lililetwa na watu wa kaskazini waliovuka bahari, mashua ni barque ya Wafaransa, ileile tunayoisema hapa ziwani. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu hapana," akasema. "Anasoma kama mwenye homa." Akanipa kamusi niende nayo.

Jumatatu nikapata kumi na saba juu ya ishirini. Papa hata hakuuliza point. Wiki nzima alinuna.

"Alikukatalia nini yule mutoto?"

"Papa, hatukumuposa."

"Hata kama!"

Nikacheka, lakini kusema kweli kukataliwa kule kuliniuma mimi kuliko Papa.