Kaka Kiberiti na Mkono wa Gia

Kaka yangu aliwanunulia watu pikipiki kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki hata moja. Kazini alikwenda kwa miguu, mvua inyeshe au baridi ikate masikio. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anajijua: akiwa nayo ataipa mshahara wake wote, na siku ya kurudi nyumbani atarudi na funguo tu mfukoni.

Aliondoka kwetu masharubu ndiyo kwanza yanaota, akaenda nchi ya mbali kuosha magari. Baadaye akapata kazi katika yadi ya pikipiki zilizotumika. Kazi yake ilikuwa kuzipanga, kumwaga mafuta yake machafu na kuzifuta vumbi ili wanunuzi wavutiwe. Hapo ndipo alipoona kwamba chombo ambacho mtu wa huko amekichoka, kwetu mtu angekitunza na kusomeshea watoto. Pikipiki ya kwanza alimnunulia mjomba wetu, muuza maziwa. Aliifungua yote, akaipakia kwenye sanduku la mbao, ikaja kwa meli pamoja na mizigo ya watu wengine. Siku mjomba alipoiwasha, majirani walikuja kuisikiliza kama wamealikwa.

Baada ya hapo kaka hakupumzika tena. Mtu akitafuta kitu akakikosa madukani, alielekezwa kwetu. Sindano za mashine ya kufumia sweta, mpira wa sufuria ya presha, nyuzi za gitaa la kwaya, betri ndogo za kifaa cha kusikia cha mzee wa jirani: vyote alivitafuta siku za mapumziko, akavichomeka katika nafasi zilizobaki ndani ya sanduku la pikipiki. Kwa hiyo kila kitu kilifika kikinuka petroli. Shangazi yetu alikuwa akisema kwamba hata akiwa amefumba macho kwenye sala, anajua kama aliyekaa nyuma yake ana kitu kilichotoka kwa kaka.

Chumba chake nilikijua kwa simu. Kitanda alikiinua kwa matofali ili taa na matangi yapate kukaa chini yake. Kabureta alizilowesha kwenye beseni la kufulia, na mwenzake wa chumba, mpishi wa hotelini, aliwahi kulowesha mashati yake meupe humo bila kuangalia. Alikuja kunilalamikia mimi kwenye simu, kana kwamba mimi ndiye niliyemlea. Nilimwombea kaka radhi. Mpishi akasema hana shida na mashati, ila anaomba kaka aoe haraka ili beseni lipate mwenyewe.

Sasa jina la Kiberiti. Wengi mnalijua ila hamjui lilikotoka. Mwanzoni watu walimtumia vipimo, na vipimo vya watu wetu mnavijua. Mmoja anapima kwa inchi, mwingine kwa shubiri, mwingine kwa futi ya fundi cherehani iliyovutika mpaka imekuwa ndefu kuliko ukweli. Kaka alishanunua tairi ambalo lingefaa gari la maji. Ndipo akatoa sheria: ukitaka kitu, kipige picha na kibiriti kando yake. Kibiriti kila nyumba kinacho, na vyote vinalingana. Yeye alikuwa amebeba kimoja kutoka nyumbani, hakukiwasha hata njiti moja. Alikiweka kando ya simu, akalinganisha na picha, akajua ukubwa wa kitu chako. Alisema mtu anaweza kudanganya lakini kibiriti hakina sababu ya kudanganya. Basi watu wakamwita Kiberiti, kwa namna anavyolitamka mama, na jina likamganda.

Mimi ni mdogo wake, anayenifuata hakuna. Mguu wangu wa kushoto ulinyauka baada ya homa nikiwa mtoto, natembea nao lakini hauna nguvu. Kazi yangu ni kusambaza mikate. Naichukua bekari alfajiri na kuipeleka kwenye maduka ya upande wetu. Kwa muda mrefu nilimkodi mtu wa bodaboda, na yeye alikuja alipotaka. Mikate ikifika imechelewa, mwenye duka ameshanunua kwa mwingine. Mwenye bekari alivumilia, kisha akaniita pembeni. Aliniambia ananipenda kwa uaminifu wangu, lakini ikifika mwisho wa mwezi wa kwanza wa mvua zijazo kila msambazaji awe na chombo chake mwenyewe, la sivyo njia yangu atapewa mwingine. Njia ile ndiyo inayotulisha mimi na mama.

Pikipiki nilikuwa nimejifunza kwa mjomba, yeye akiwa amenishika nyuma na kulalamika. Tatizo langu lilikuwa gia. Gia iko mguu wa kushoto, na mguu wangu hauwezi kuibonyeza. Nilimweleza kaka nikitarajia aniambie nitafute kazi ya kukaa. Kwanza alifikiria vile vipikipiki vyenye tairi ndogo visivyo na gia, akavijaribu yadini, akavikataa. Alisema barabara yetu ina mashimo yatakayokimeza kile kitu pamoja na mimi na mikate. Akanitafutia pikipiki ya kawaida, imara, isiyo na klachi ya mkono, ili mkono wangu wa kushoto ubaki huru. Kisha akasema atanitengenezea mkono wa gia: chuma kinachofungwa pale penye pedeli ya mguu, kikapanda kando ya tangi mpaka usawa wa kiganja changu. Nikisukuma mbele gia inaingia, nikivuta nyuma inabadilika.

Aliniagiza nikae juu ya kigoda kama niliyepanda pikipiki, niuache mkono ushuke wenyewe, na kibiriti kikae juu ya paja. Mama ndiye aliyepiga picha. Alinikata kichwa, lakini kibiriti alikipata vizuri kabisa.

Kaka alikitengeneza chuma kile yadini baada ya kazi, mwenye yadi akamwachia mashine ya kuchomelea. Juu yake aliweka kishikio cha mpira. Alinionyesha kwenye simu akikigeuzageuza kama mtu anayeuza samaki.

"Bosi wa mikate," akaniambia, "hiki ukikivunja, mimi na wewe si ndugu."

Sanduku likapanda meli. Meli ikiwa bado baharini, kaka akashikwa na homa ya mapafu. Alilala siku chache tu. Mpishi ndiye aliyempigia mama, na mama alijua kabla hajaambiwa, kwa sababu mpishi alimsalimia polepole mno.

Kumleta nyumbani hatukuweza. Walimzika huko, mpishi na wenzake wa yadi wakiwa wamesimama kaburini na kofia mkononi. Mpishi aliishika simu juu ya kaburi ili mama aombe. Katikati ya maombi mtandao ukakatika. Mama hakufungua macho. Aliendelea mpaka amina, na sote tukaitikia, na mimi naamini yaliyobaki yalifika kwa njia nyingine. Nilimuuliza Mungu kwa nini, sitasema sikuuliza. Kisha nikaanza kumshukuru kwa kidogo kidogo, maana ukianza kuhesabu mema ya mtu kama yule huchoki.

Sanduku lilifika mwezi ule wa mvua ukiwa unayoyoma. Tulilifungua uani, mimi, mama, mjomba na fundi pikipiki wa mtaani kwetu. Kila kitu kaka alikuwa amekifunga kwa fulana zake kuukuu, na juu ya utepe wa gundi ameandika kwa wino mnene: "Wa Presha," "Mzee Nani," "Kwaya, msigombane." Mama alizichukua fulana moja moja, akazikunja, akaondoka nazo ndani. Hakulia mbele yetu. Wenye vitu walikuja mchana kutwa, kila mmoja akapokea chake kwa mikono miwili.

Kesho yake wakaanza kurudi. Walikuja kimya kimya, wakakaa, wakasifia uji, wakasimama kama wanaotaka kuaga, wakakaa tena. Hakuna aliyetaka kumlalamikia marehemu. Shangazi ndiye aliyefungua mdomo. Mpira wa sufuria yake ya presha ulikuwa mkubwa, unaning'inia kama bangili ya kuazima. Hapo wengine wakapata nguvu. Mkanda wa saa unazunguka mkononi. Kifuniko cha taa kinaimeza taa yenyewe.

"Marehemu ametunenepesha wote," akasema shangazi, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tulimpigia mpishi. Yeye ndiye aliyetueleza. Kile kibiriti cha nyumbani kaka alikisahau mfukoni mwa suruali, kikafuliwa, kikawa uji. Akanunua kingine duka la chini ya nyumba yao akaendelea na kazi. Vibiriti vya huko ni vinene kidogo na virefu kidogo kuliko vyetu. Kwa hiyo kila alichokilinganisha na picha alikiona kikubwa kuliko kilivyo. Watu wote tuliokuwa uani tukatazamana. Ni sisi tu, dunia nzima, ambao tungeweza kukosea kwa namna ile.

Ndipo nikaukumbuka mkono wangu wa gia. Fundi alikuwa ameshaunganisha pikipiki, imesimama inang'aa. Akaufunga ule mkono mahali pake. Nikapanda. Mbele ilikwenda vizuri, gia zilikubali, kulia ilikata. Nilipogeuza usukani kushoto, kishikio cha usukani kikagonga chuma na kukwama. Chuma kilikuwa kirefu. Fundi akasema si neno, akachukua msumeno wa chuma na kuuliza akate wapi.

Nikamzuia. Nilishuka nikasimama kati yake na pikipiki. Kaburi la kaka sitaliona, na mikono yake sitaishika tena. Chuma kile kilikuwa kazi yake ya mwisho, alama za kuchomelea zilionekana kama vidole. Nilimwambia fundi aache kama kilivyo, nitapita njia ambazo hazina kona ya kushoto. Fundi alinitazama kwa huruma. Mjomba akaniuliza kwa upole kama bekari nitaifikia kwa kuzunguka dunia, maana geti lao liko kushoto. Siku zilizobaki za mwezi zilikuwa zinaisha, na pikipiki ikabaki uani, imefunikwa shuka. Kila alfajiri nilipita kando yake nikimngoja mtu wa bodaboda.

Mama aliniacha. Hakunisema wala hakunibembeleza. Kisha asubuhi moja, wakati wa sala yetu ya nyumbani, aliomba kwa ajili ya kila mmoja, ila mimi akaniruka. Alipomaliza akaniambia nikae.

"Mwanangu, kaka yako hakukuletea ukumbusho," akasema. "Amekuletea pikipiki. Angekuwa hai ungempigia simu umwambie chuma kirefu, naye angekwambia nini?"

Nilijua angeniambia nini. Angecheka kwanza, kisha angeniambia nikate, kisha angenidai samahani kwa kumchelewesha. Vitu vyote alivyotuma miaka ile vilikuwa vya kutumika. Hakuna hata kimoja alichokituma tukiweke kabatini.

Nikamwita fundi. Niliomba msumeno nikate mwenyewe. Alinionyesha mahali, akanishikia chuma kisicheze. Kilikuwa kigumu, kaka hakuwahi kununua kitu hafifu. Mkono uliniuma, jasho likanitoka, na katikati ya kukata nikajikuta namwombea, si kwa maneno niliyoyapanga, ila jina lake tu kwa kila mvuto. Kipande kikaanguka. Fundi akapiga tupa ukingo, akarudisha kishikio cha mpira, na kile kipande akakitupa kwenye ndoo ya chuma chakavu pamoja na vingine. Nilikiona akikitupa, nikakiacha kiende.

Siku ya mwisho wa mwezi nilikwenda bekari peke yangu. Mwenye bekari alitoka na unga kwenye nyusi, akaizunguka pikipiki, akaushika ule mkono wa gia akautikisa. Aliniuliza nani aliyeutengeneza. Nikamwambia, kaka yangu. Alikuwa amesikia msiba. Alitikisa kichwa, akasema Mungu amlaze pema, kisha akaniambia niondoe chombo changu mlangoni nisizibie wenzangu, na akamwagiza mpakizi anifungie kreti za njia yangu.

Zilipofungwa, joto la mikate lilinipata mgongoni. Nikasukuma chuma mbele kwa kiganja, gia ikaingia. Getini nikageuza usukani kushoto, na hakuna kilichogonga. Nikasema asante kwa sauti, barabarani, kwa Mungu na kwa kaka kwa pamoja, na sidhani kama waligombania ni ya nani.